Nilivyokimbilia Mahabusu Kumkwepa Baba Mkwe

(Sehemu ya tisa)

Wasomaji wangu, barua zenu za wiki hii nimezipata. Mmoja wa Tukuyu ameuliza kama mikosi yangu nainunua dukani au nimezaliwa nayo. Nimezaliwa nayo, ndugu yangu. Ya dukani ingekuwa na nafuu, ningeirudisha.

Kwa wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pengine kwa sababu umefungiwa vitumbua, habari yenyewe ni hii. Jina langu Nancy, mke wa Lugano, mama wa watoto wawili, mkazi wa Kyela mjini. Mwaka tisini na sita, pale kila mwenye vijisenti alipoanza kuagiza gari la Japani, mume wangu naye aliingiza Corolla nyeupe. Wiki iliyopita nilieleza nilivyojifunza kuendesha, nilivyomgonga mbuzi wa mchungaji, na nilivyopata leseni siku ile ile mbuzi yule alipozaa mapacha. Leo nasimulia siku niliyotamani leseni hiyo wangeninyima.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja. Mnaoijua Kyela mwezi huo sina haja ya kuwaeleza. Msioijua, chukueni sufuria, ipasheni moto, mjifunike ndani.

Lugano alikuwa amesafiri Mbeya. Mimi nimeendesha mpaka sokoni na wanangu kiti cha nyuma: Tuntufye, miaka mitano, mdomo wake redio, na Ambilikile, mwaka na nusu, bado ananyonya. Niliegesha mbele ya duka la Shamsa. Shamsa wazazi wake ni watu wa Kilwa, yeye amezaliwa hapa hapa Kyela, anauza vitenge na mitumba, na ukimpa dakika kumi atakuuzia mpaka kiti alichokalia.

Sijazima gari vizuri nikamwona baba mkwe.

Hapa lazima nieleze jambo, maana naambiwa gazeti hili linasomwa mpaka Lindi. Kwetu Unyakyusa mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake usoni. Hakai naye, hasemi naye, hapiti mbele yake. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Hata jina lake hatamki.

Kwa wengi siku hizi mambo hayo yamelegea, wanakaa na wakwe zao sebuleni wanatazama video. Kwenye ukoo wa mume wangu, huko Bujonde, hayajalegea hata nusu. Mlinzi wake ni mama mkwe wangu, na analinda kuliko polisi. Miaka saba ya ndoa, baba mkwe nilikuwa namjua kwa kikohozi, kwa fimbo na kwa baiskeli. Jina lake silitaji hata humu. Lile mtakalolisoma huko mbele ameliandika mhariri kwa mkono wake mwenyewe, mimi simo.

Basi mzee anakuja, anasukuma baiskeli, gunia la mpunga nyuma, anaelekea mashineni kukoboa. Gari letu alikuwa hajaliona bado. Mtaa wenyewe ni mmoja. Nikirudi nyuma nampita mbele ya macho, nikikaa ananiona kwenye kioo.

Nikageukia kiti cha nyuma. "Tuntu, laleni chini. Msiinuke mpaka mama arudi."

"Kwa nini?"

"Babu anapita."

Hapo nilikosea. "Babu yuko wapi? Nataka babu."

"Ukimwita, soda leo huinywi."

Akalala chini kwenye sakafu ya gari, akamlaza na mdogo wake, akamwekea mkono mdomoni. Nikapandisha vioo vyote vinne, kwa sababu ahadi za Tuntufye nazijua, hii ingekwisha mara tu babu afike usawa wa dirisha. Nikafunga milango kwa ufunguo asije akatoka. Nikajitupia kitenge kichwani, nikaingia kwa Shamsa mbio.

"Mama Tuntu, vipi, umeiba?"

"Mkwe."

"Haya, pita ndani." Shamsa amekulia kwetu, hahitaji maelezo. Akanisogezea pazia.

Nikachungulia. Mzee akasimama barazani kwa fundi cherehani, akasalimia, akaulizwa habari za mpunga, akajibu, akacheka kidogo, akasukuma baiskeli yake akaenda zake. Dakika tano. Sana sana sita.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo penye ungamo lenyewe, na nimelikalia miaka miwili. Kama ningetoka pale pale, leo nisingekuwa na la kusimulia na wanangu wangekunywa soda yao. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka pazia.

"Unaondoka?" Shamsa akasema. "Nami ndio nafungua balo."

Kina mama wananielewa. Balo la mitumba likifunguliwa, aliyepo ndiye anayechagua. Anayekuja kesho anakuta soksi moja moja.

Nikajiambia nachagua za watoto tu, dakika mbili. Nikapata fulana ya Ambilikile. Nikapata kaptura ya Tuntufye, haina hata doa. Halafu Shamsa akazamisha mkono mpaka chini kabisa, akaibuka na gauni la bluu, vifungo vyake vinang'aa.

"Hili limesafiri kukufuata wewe," akasema. "Nenda kalijaribu kule nyuma."

"Nina watoto kwenye gari."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Shamsa akadhani wako na baba yao, akaniletea kioo.

Nikalijaribu, likabana kiunoni. Nikavuta pumzi, likafunga kifungo kimoja, cha pili kikagoma. Nikalivua nikajaribu jingine. Nikarudia lile la kwanza, maana roho ilikuwa bado iko pale. Huko nje honi ikaanza kulia. Ikanyamaza, ikalia tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Watu wa siku hizi wakinunua gari wanadhani wamenunua na mtaa," nikasema.

"Adabu hawana," Shamsa akajibu.

Tukacheka sana. Jamani, honi ile ilikuwa ya kwangu.

Nilipotoka na kifurushi changu cha nguo nilikuta watu wamelizunguka gari. Milango yote minne iko wazi. Kiti cha nyuma hakina mtu, sakafuni kuna kiatu kimoja cha Ambilikile.

"Fundi," nikasema, "wanangu."

Fundi cherehani hakuniangalia. "Afande Salma kawachukua, yule wa Tanga. Aliuliza mwenye gari weee, hakuna aliyemjua. Akamwonyesha mkubwa kwa vidole, hapo kiooni, namna ya kuvuta kile kidude cha mlango. Mtoto akavuta." Akakanyaga cherehani yake. "Nenda kituoni, mama. Usisimame hapa."

Nilisahau kwamba nina gari. Nilikwenda mbio kwa miguu.

Kituoni niliwakuta juu ya kaunta, wamevuliwa mashati, wamelowa maji kichwa mpaka kiuno. Tuntufye anakula andazi. Ambilikile yuko mikononi mwa askari mwanamke, mnene, mikono ya shati ameikunja, anamnywesha kitu kwa kijiko.

"Mama," Tuntufye akasema, "tumekalia meza ya polisi."

Nikanyoosha mikono. Yule askari hakunipa mtoto.

"Wewe ndiye mwenye gari?"

"Mimi ndiye mama yao."

"La umama tutalifikia. Nimeuliza gari."

"Ni langu, afande."

Akachota kijiko kingine, akamnywesha Ambilikile polepole, hana haraka na mimi.

"Sikiliza, mama. Huyu mkubwa nilimkuta analia huku amekalia honi. Mtoto anayelia mie simwogopi. Huyu mdogo nilipomtoa hakulia. Mwili unawaka, jasho limemkauka, macho yanamrembuka. Nikamkimbiza zahanati mikononi, na unene wangu huu. Mganga kanipa maji ya chumvi na sukari, kasema kidogo kidogo, na kasema nimshukuru Mungu. Ningechelewa robo saa, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine."

Vicheko vyote mnavyovisoma humu nilivipata baadaye. Wakati ule nilikaa sakafuni mbele ya kaunta, nikalia mbele za watu.

Ambilikile aliponiona akaanza kunihangaikia. Afande akaja akaniwekea mapajani. "Mnyonyeshe hapa hapa, nikiona." Nikamnyonyesha. Alipomaliza, akamchukua tena akamrudisha kwenye kaunta, kisha akafungua kitabu.

"Jina?"

"Nancy Eliya."

"Uliwaacha kwa nini?"

"Nilikuwa namkimbia baba mkwe."

Afande akaweka kalamu chini. "Anakupiga?"

"Hapana."

"Ana kifua kikuu?"

"Hapana, afande. Ni mzee mwema sana."

"Sasa mtu mwema unamkimbilia nini?"

Pembeni alikuwepo Koplo Anyosisye, kijana wa Ngana. Akaona aingilie. Akaeleza habari za wakwe kuanzia kwenye migomba mpaka kwenye majina, na Afande Salma akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Kwetu Tanga mkwe tunampikia chai," akasema. "Haya. Jina la mkwe?"

Nikanyamaza.

"Nasema jina."

"Silitaji, afande."

"Unamficha?"

"Hawezi kulitaja, afande," Koplo akasema. "Andika Andongwisye. Ni mzee wa Bujonde, namfahamu."

Afande akaandika. "Na huyo mzee, hapo nje ya duka, alikaa muda gani?"

Hapa ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Ukweli ulikuwa dakika tano na balo. Lakini balo halina heshima mbele ya polisi, na mkwe anayo. Nikaona nimtumie mzee.

"Nusu saa nzima, afande. Alikaa kwenye benchi la fundi, anazungumza. Ningetokaje?"

Afande alinitazama kama mtu anayepima mchele kwa macho. "Fundi nilimuuliza gari limekaa pale muda gani. Kasema yeye alikuwa anatazama sindano yake." Akafunga kitabu. "Basi nakwambia hivi. Kama ni mila kweli ilikuzuia kutoka, mie si mtu wa kupigana na mila za watu. Tutaonyana hapa na utaondoka na wanao. Kama ni uongo, nafungua jalada la kutelekeza watoto, Jumatatu ukamweleze hakimu, na hawa wanatafutiwa mtu wa kuwatunza. Koplo, nenda kamlete huyo mzee."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwenda mashineni ni fupi zaidi. Hazikupita dakika kumi nikasikia kikohozi ninachokijua.

"Afande, mzee anakuja. Nitakaa wapi?"

"Hapo ulipo."

"Haiwezekani."

"Mama, hii ni ofisi ya serikali, sio shamba la migomba."

Chumba kile kina mlango mmoja wa kutokea, ndio huo mzee alikuwa anaingilia. Dirisha lina nondo. Ukutani kulikuwa na mlango mwingine mmoja tu, uko wazi, ndani giza. Nikajitupia kitenge usoni nikaingia humo.

Nikamsikia Afande Salma anamwambia Koplo taratibu, "Miaka kumi na minne kazini. Nimewakimbiza wengi wanaotoka mahabusu. Anayeingia mbio mwenyewe ndio namwona leo."

Mahabusu ya wanawake ilikuwa tupu, ina ndoo na mkeka. Nikajibanza ukutani upande ambao huonekani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndaga, asante."

"Babu," Tuntufye akapiga kelele, "mimi nimepiga honi."

Afande akamweleza mzee yote, hakuficha kitu: vioo, joto, mtoto asiyelia. Nilisikia fimbo ya mzee ikigonga sakafu, akimsogelea mjukuu.

"Huyu mdogo mzima?"

"Sasa mzima."

"Ndaga fijo, mama. Mungu akuweke."

"Mzee wangu, nataka unijibu swali moja. Leo ulisimama pale kwa fundi cherehani?"

"Nilisimama."

"Ulikaa kwa muda gani?"

Mzee akatafakari. "Mkwe wangu amesemaje?"

"Nimekuuliza wewe, mzee."

"Nami nimeuliza yeye amesemaje."

"Amesema ulikaa kwenye benchi nusu saa."

Huko ndani nilikuwa nimeuma kitenge. Nusu saa hiyo ikikataliwa, wanangu wamekwenda na mimi nimekwenda.

"Kama yeye amesema nusu saa," mzee akasema, "basi ilikuwa nusu saa."

Wasomaji, nilitaka kucheza mle mahabusu. Nikajisemea, mzee huyu namletea jogoo, na Krismasi namshonea suti.

"Utaweka saini hapa?" Afande akauliza.

"Nitaweka. Nimesoma la nne, la mkoloni. Lakini andika na hili. Mtu mzima akikaa kwenye benchi nusu saa anapiga soga, na mkwe wake amejificha kwa sababu yake hawezi kutoka, na wajukuu wanaiva kwenye gari, mwenye kosa ni nani? Ni huyo wa kwenye benchi. Mwacheni mama wa watu. Niwekeni ndani mimi."

"Mzee, wewe hukujua kitu."

"Mtu akisema hakujua, nyinyi huwa mnamwachia?"

Nikasikia Afande Salma anaweka kalamu chini.

"Basi," mzee akasema. "Mahabusu ni wapi, ni humu?" Na ile fimbo ikaanza kuja upande wangu, taratibu, kama mtu anayeingia chumbani kwake kulala.

"Mzee, simama. Hiyo ya wanawake. Na ndani mna mtu."

"Nani?"

Koplo Anyosisye nilimsikia anatoka nje kwenda kucheka.

Mimi nilikuwa nimekwisha. Mbele yangu ukuta, nyuma ukuta, na mlangoni mzee wa miaka sabini anataka kufungwa kwa sababu ya gauni la bluu. Na hakuwa anaigiza. Alikuwa anamaanisha kabisa, na ndilo lililonikata maini.

"Afande," nikasema.

Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Miaka saba sijawahi kutamka neno yule mzee akiwa karibu.

"Mzee hakukaa. Alisalimia, akaenda. Mimi nilibaki nachagua mitumba."

"Ya watoto?" Afande akauliza.

"Ya watoto, mwanzoni. Halafu gauni."

"Lilikutosha?"

"Lilibana."

Nikasikia kalamu inaandika. Kisha mzee akasema, na hakusema na Afande. "Mama Tuntufye."

Nikaganda. Hakuwahi kuniita.

"Ulinikimbia mimi, au ulijificha nyuma yangu?"

Ningeweza kunyamaza, mila inaniruhusu. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, na mle ndani mlikuwa na harufu mbaya.

"Vyote viwili, baba. Kwanza nilikukimbia. Baadaye nikajificha nyuma yako."

Akaguna. Nikasikia anakaa kwenye benchi la polisi. "Wake za wanangu wananikimbia mwaka wa thelathini sasa," akasema. "Nikipita njiani watu wanaruka kwenye migomba utadhani amepita chui. Nami natembea kifua mbele, naona naheshimiwa. Leo heshima yangu imetaka kunizikia mjukuu."

"Mzee," Afande akasema, "na wewe umenidanganya mbele ya kitabu cha serikali."

"Nimekudanganya. Nisamehe, mwanangu."

Akamsamehe. Mimi alinisamehe kidogo. Kwa kuwa nilisema kweli kwa kinywa changu, hakimu nilimwepuka, lakini onyo la maandishi nilipewa: nikiwaacha tena hata kwa dakika moja, jalada linafunguliwa. Na watoto siku hiyo hatanikabidhi pale, atamkabidhi ndugu mtu mzima.

"Nawachukua mimi," mzee akasema. "Ila andika hivi. Mama yao akiwataka, aje Bujonde mwenyewe. Asitume mtu, asije na mumewe. Apite mlango wa mbele, anisalimie, anitazame usoni, nami nitampa wanawe mkononi."

"Mzee, una uhakika?" Koplo Anyosisye alikuwa amerudi, na kicheko kimemwisha.

"Andika."

Afande Salma aliandika neno kwa neno. Nadhani alifurahi kuliko inavyoruhusiwa kazini. Kisha mzee akaomba kanga, Afande akatoa ya kwake kwenye kabati, na mzee wa Bujonde, mbele ya kituo cha polisi na soko zima, akafungwa mjukuu mgongoni kama mwanamke. Tuntufye akapandishwa kwenye baiskeli. Nilipotolewa mahabusu nikaweka saini, walikuwa wameshafika kona. Mwanangu alikuwa anapungia watu mkono, hana hata habari na mimi.

Nikarudi kwenye gari. Lilikuwa pale pale juani, wasamaria walikuwa wameshafunga milango yake, na vioo vilikuwa juu vile vile. Niliingia nyuma, nikajifungia, nikakaa walipokuwa wamelala. Nikasema nitahesabu mpaka mia tano. Nilifika sitini, nikafungua mlango nikatapika.

Nilimrudishia Shamsa nguo zake zote.

Saa kumi na moja jioni niliingia Bujonde, vioo vyote chini, na habari zilikuwa zimenitangulia. Majirani walikuwa wamejaa uani kana kwamba kuna harusi. Mzee amekaa kwenye kigoda mlangoni, mlango wa mbele, ambao tangu niolewe sijawahi kuukanyaga, mimi ni mtu wa mlango wa jikoni. Ambilikile amelala mapajani mwake. Tuntufye yuko kando anawaeleza watoto wa jirani namna polisi walivyo.

Nikashuka. Nikaanza kuuvuka uwanja, macho chini. Katikati ya uwanja mkono ukanishika. Alikuwa mama mkwe.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchukua watoto, mama."

"Zunguka jikoni. Nitakutolea mimi."

"Imeandikwa polisi, mama. Mlango wa mbele."

"Polisi hawakukuoa wewe, wala hawakunioa mimi." Alikuwa anaongea chini kwa chini ili majirani wasisikie. "Baba mkwe wangu nilimkimbia miaka ishirini na miwili. Na mimba nilimkimbia, na kuni kichwani nilimkimbia. Uso wake niliuona siku moja tu, kwenye jeneza. Sasa wewe upite hapo, mbele ya watu wote hawa, umsalimie kama mwenye duka? Miaka yangu hiyo nitaiweka wapi?"

Sikuwa nalijua hilo. Nilikuwa namwona mwanamke mkali tu.

"Mama, mtoto hajanyonya tangu kule kituoni."

"Nimekwambia zunguka. Ukipita mlango ule, usiniite mama tena."

Ambilikile akasikia sauti yangu. Akaamka, akanitafuta kwa macho, akaanza kulia kwa nguvu, kilio kizuri cha mtoto mzima. Gauni langu likalowa kifuani. Mzee hakumbembeleza. Alimshika tu, na alikuwa ananitazama, ananisubiri.

Mama mkwe hakuniachia mkono.

Nikavua viatu, nikainua macho kuelekea mlango wa mbele.